Shingo ya Akello

Nilipofika Gulu, kaskazini mwa Uganda, walikuwa wameshamvika Akello. Walikuwa wamemlaza sebuleni, gauni jeupe, mikono imekutanishwa kifuani, na shingoni amefungwa kitambaa cha kijani kisichoendana na kitu kingine chochote alichovaa. Nilisimama pale nikimtazama, nikiutafuta uso niliokuwa naukumbuka ndani ya uso huu uliokonda. Shangazi mmoja mzee aliinama kumweka sawa kichwa kwenye mto, kitambaa kikateleza, nikaliona kovu: dogo, limelala kukingama koo, limepauka kidogo kuliko ngozi. Shangazi akalifunika upesi, kama mtu anavyovuta gauni la mtoto aliyelala vibaya. Kovu hilo nalijua. Nilikuwepo lilipotengenezwa, na zaidi ya kuwepo, mimi ndiye niliyesema litengenezwe. Binti yake, Lamaro, ndiye aliyenipigia simu kunipa habari za msiba. Alikuwa akipiga kila namba aliyoikuta kwenye simu ya mama yake, na yangu ilikuwemo, imeandikwa Sista Juba. Laini yangu ya Kenya sijawahi kuibadilisha, lakini sikujua kwamba Akello bado alikuwa nayo, maana hakuwahi kuipiga. Nikatoka nje, nikapewa kiti cha plastiki chini ya turubai, nikakaa katikati ya watu wanaoongea Kiacholi nisichokijua, nami sikuwa na la kufanya isipokuwa kukumbuka.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya mkataba wa amani wa Sudan, na Juba ilikuwa imejaa watu kama sisi. Wakenya walikuwa kwenye benki, mahoteli na mashirika, Waganda sokoni, kwenye maduka na pikipiki, na kila mtu alisema amekuja kwa muda mfupi tu. Mimi nilikuwa msichana wa Kitale, nimemaliza mafunzo ya dawa ya usingizi, yaani ile kazi ya kumlaza mgonjwa na kumchungia pumzi wakati wengine wanamkata. Watu hudhani kazi yetu ni kulaza. Kulaza ni rahisi, hata pombe inalaza. Kazi ni ile pumzi. Tulipanga boma moja mtaa wa Hai Malakal, Wakenya kadhaa, kila mmoja na tukul yake ya udongo na nyasi, na katikati ya boma palikuwa na banda la mabati lililokuwa jiko la Akello, Mganda aliyetupikia. Tukul yangu ilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, chandarua chenye matundu na msumari mmoja ukutani, ambao ndio uliokuwa kabati langu. Mchana palikuwa na joto la kuivisha mkate. Jioni tulitoa viti nje, gari la maji likapita likinyunyiza matope, na Akello akaanza kupakua.

Hakuwa mkubwa sana kunizidi, lakini alikuwa mtu mzima kwa namna ambayo mimi sikuwa, kwa hiyo nilimwita Dada Akello na yeye akaniita Sista. Alipika maharagwe, samaki wa mtoni, posho, yaani ugali, ngumu ya kushika ukuta, na siku akiwa na furaha alipika malakwang, ile mboga chachu ya kwao iliyokolezwa karanga. Hakuonja kwa mwiko. Alidondosha tone la mchuzi kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akalamba, akafumba macho kidogo, kisha akaamua. Chumvi yake haikukosea. "Sista, kula," aliniambia kila siku. "Wewe iko mkonda kama fagio. Nani taoa fagio?" Nami nilimjibu kwamba aliyeoa fagio angalau nyumba yake ni safi, naye akacheka kile kicheko chake kilichosikika hadi barabarani. Lamaro alikuwa mdogo wakati huo, ameachwa Gulu kwa bibi yake, na nadhani Akello alikuwa akimlisha yeye kupitia mimi. Sikulalamika. Sijawahi kulishwa vile tena.

Mwaka huo wapatanishi walikuwa mjini wakizungumza na waasi wa Uganda, na mezani kwetu habari zilikuwa hizo hizo. Jioni moja mwenzetu wa benki alisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba kwamba hao waasi wasamehewe tu yaishe, watu wasonge mbele. Akello alikuwa nyuma yake na sufuria. Aliweka sufuria chini, akaenda jikoni, na wenzangu wakajipakulia wenyewe. Nilimfuata. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameshika koo lake kwa mkono mmoja. Alinieleza bila kunitazama. Walikuwa shambani, yeye na kaka yake, wakivuna mtama. Yeye aliwahi kujitupa ndani ya nyasi. Kaka yake hakuwahi. "Walimkata hapa," alisema, akapitisha kidole. "Polepole. Kama mbuzi. Mimi iko naona yote, na mimi hapana toa sauti." Kisha akainuka, akasema amani ni mzuri, amani hakuna mtu nakataa, lakini watu wa benki wasiongee na chakula mdomoni. Kesho yake alimpakulia yule wa benki kama kawaida.

Kwanza ilikuwa chumvi. Maharagwe yalikuja yamekolea hadi tukanywa maji kama ngamia, na kesho yake mchuzi ukaja hauna chumvi kabisa. Wenzangu walimtania kwamba amepata mchumba. Mimi nilikwenda jikoni nikamkuta anakoroga bila kuonja. Alikuwa na jino bovu la chini nyuma, akaogopa foleni ya hospitali, akaenda Sherikat, karibu na daraja, kwa bwana mmoja aliyewang'oa meno madereva wa malori kwa koleo. Jino lilitoka nusu. Nusu ikabaki na uchafu wake. Nilimwambia kesho twende hospitali. Akasema kesho kuna wageni. Kesho yake akasema jino limepoa. Kisha ikaja asubuhi ambayo jiko halikuwashwa. Nikamkuta kitandani, ameketi wima, amejiegemeza ukutani, kidevu kimevimba mpaka kimeungana na shingo, mate yanamtoka asiweze kuyameza. Nilijaribu kumlaza ili nimtazame vizuri, akanisukuma kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Akilala anakabwa. Hapo mimi, mtu wa pumzi, nilijua kilichokuwa mbele yetu, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa.

Daktari wetu wa upasuaji alikuwa mzee Lado, mtu wa Juba pale pale, aliyesomea Khartoum na kuishi ukimbizini Uganda miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa na vumbi la njia zote hizo. Alimbonyeza Akello chini ya kidevu, pakawa pagumu kama ubao. Akanivuta kando. Usaha umejaa chini ya ulimi, alisema, ulimi umepanda, mdomo haufunguki. Lazima tuutoe leo, na ili tuutoe lazima alale, na akilala njia ya hewa itaziba. Kwa hiyo jambo salama ni moja: kumchoma ganzi ya sindano hapo shingoni akiwa macho, ameketi, kutoboa koo chini ya uvimbe na kuweka mpira wa kupumulia, halafu ndipo mimi nimlaze kwa amani. Aliyasema haya kwa upole, kisha tukamrudia mgonjwa akayasema tena, akionyesha mahali kwa kidole. Sijawahi kuona macho kama yale. Akello alishika shingo yake kwa mikono yote miwili.

"Hapana," alisema kupitia meno. "Hapana kisu hapa. Mahali ingine yote, kata. Hapa hapana."

"Mama, ni tundu dogo," alisema Lado. "Baadaye linafunga lenyewe. Malesh, pole, najua unaogopa."

"Mimi hapana ogopa. Mimi nakataa." Akanitazama mimi. "Sista. Wewe tapatia mimi dawa?"

"Ni mimi, Dada."

"Basi wewe naapa. Kama mimi iko nalala, wewe hapana acha wao nakata shingo yangu. Kama nakufa, nakufa na shingo yangu. Naapa."

Hakukuwa na mtu mwingine wa dawa ya usingizi siku hiyo, wala muda wa kumtafuta. Pumzi yake ilikuwa imeanza kutoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Kama nisingeapa, asingekubali hata kuingia chumba cha upasuaji, na angekufa pale kwenye benchi ameketi. Niliapa. Na nilimaanisha, wala sikuwa na mpango wa kumdanganya. Niliamini mkono wangu. Lado alivuta hewa puani, akasema mgonjwa ana akili zake timamu, mwili ni wake, tutajaribu mpira kwa mdomoni. Tulipokuwa tunanawa akaniambia, "Binti, mimi nasimama upande wa shingo na kisu chini ya kitambaa. Si kwa ubaya. Mimi ni mzee, nimeona."

Lazima nieleze ketamini, maana bila hiyo hadithi hii haina mwisho. Ndiyo dawa iliyokuwa ugali wetu Juba. Haimlazi mtu kama usingizi mwingine, humtoa tu. Macho hubaki wazi, pumzi huendelea, lakini mwenyewe ameondoka, na huko alikokwenda anaona mambo. Wanajeshi wa zamani waliamka wakitoa amri. Mama mmoja aliamka akilia ng'ombe wake. Niliichagua kwa sababu humwachia mtu pumzi yake. Ile nyingine, ya kulegeza misuli, humnyang'anya mgonjwa pumzi yake ili wewe umpumulie, na kama koo limeziba utakuwa umemnyang'anya kitu usichoweza kumrudishia. Kwa hiyo nilimketisha kitandani, nikamwekea oksijeni usoni, nikamsukumia ketamini kidogo kidogo, nikiwa nimevaa barakoa yangu, naye akinitazama juu ya ile mask ya oksijeni mpaka macho yakaacha kutazama.

Jenereta lilikuwa linanguruma nje, na jasho lilinitiririka mgongoni. Mdomo wake ulifunguka upana wa kidole. Niliingiza chuma chenye taa cha kuinulia ulimi, na ulimi haukuinuka. Ulikuwa umejaza kinywa chote, mweusi, mgumu. Nilitafuta ule uwazi mdogo ambao hewa hupitia, nikaona nyama na mate na damu. Nikatoa. Nikageuza kichwa, nikajaribu kwa mpira mdogo zaidi. Ukagonga kitu laini ukapinda. Na hapo koo lake likajifunga. Ile sauti ya mlango ikanyamaza. Kifua kilipanda bila kuingiza kitu, mara moja, mara nyingine. Nikabana mask usoni kwake kwa mikono miwili, muuguzi akaminya mfuko wa hewa, na mfuko ukakataa kuminyika kama mpira wa miguu uliojazwa. Ile mashine ya kidoleni hulia juu mgonjwa akiwa na hewa, na hewa inavyopungua mlio unashuka. Huhitaji kutazama. Ulianza kushuka, noti kwa noti, nami nikashusha taya lake, nikaliinua, nikavuta ulimi kwa kitambaa, nikafanya kila kitu nilichofundishwa na vingine ambavyo hakuna aliyenifundisha. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Binti," alisema Lado. Kisu kilikuwa kimeshatoka chini ya kitambaa. "Mimi amenikataza. Wewe umemwapia. Sema. Nakata, ama namwacha na shingo yake?"

Wapo watu wanaosema kiapo ni kiapo. Hao hawajawahi kushika mikononi kichwa cha mtu aliyewapikia, wakausikia ule mlio ukishuka.

"Kata," nikasema.

Nikavuta kichwa chake nyuma ili shingo inyooke, nikakibana kati ya viganja vyangu kisicheze. Macho yake yalikuwa wazi. Najua, najua vizuri sana, ketamini huyaacha wazi. Nilianza kulia na sikuwa na mkono wa kujifutia, machozi yakapita juu ya barakoa na kumdondokea kwenye paji la uso, nami nikawa namwita, nimesahau hata udada: "Akello! Akello, vuta! Akello!" Lado alipapasa koo kwa kidole cha kushoto, akakata mara moja, kukingama, akageuza mpini ndani ya tundu. Damu ikatoka, kisha mluzi, hewa inayotoka na matone mekundu. Mpira mdogo ukaingia. Muuguzi akaminya mfuko, ukaminyika, kifua kikainuka. Mlio wa mashine ulikaa chini kwa kitambo ambacho sitaki kukikumbuka, kisha ukaanza kupanda. "Kalas, imekwisha," alisema Lado, akaketi kidogo kwenye kigoda, mzee ghafla. Halafu akasimama, akapasua chini ya kidevu, usaha ukatoka, na chumba kizima kikanuka.

Aliishi. Katika kazi yangu hilo ndilo neno kubwa kuliko yote, na nilidhani litatosha. Wodini alikaa na mpira shingoni, hana sauti, na watu wakimjia aliwaonyesha kwa mikono: maji, mto, feni. Mimi nikija alifumba macho. Nilijiambia amechoka. Nilikuja asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, nikamletea uji mwepesi nilioupika mwenyewe kwenye jiko lake, na sahani niliikuta ilivyo. Siku walipoutoa ule mpira na kuliziba tundu kwa pamba, nilikuwa kwenye veranda nikaisikia sauti yake, nzito, ya kukwaruza, lakini yake. Alikuwa anamshukuru Lado. Alimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba chakula cha hospitali hakina chumvi. Nikaingia nimejaa furaha, nikasema, "Dada Akello!" Akanyamaza katikati ya neno, akageukia ukuta. Nikakaa pembeni ya kitanda nikazungumza na mgongo wake. Nikamweleza yote: mlio, midomo, kwamba sikuwa na njia. Nikamwambia nimevunja kiapo nilichomwapia na ningekivunja tena. Hakugeuka. Alipopata nguvu aliondoka na lori la wafanyabiashara waliokuwa wanarudi Uganda, na niliporudi bomani nikakuta jiko limefagiwa na sufuria zimefunikwa. Wapishi wengine walikuja. Mimi nikakonda zaidi, na mkataba wangu ulipokwisha nikarudi nyumbani.

Nimelaza watu wengi tangu wakati huo, na kila nilipokuta shingo ngumu niliisimulia hadithi hii kwa wanafunzi, sehemu ya chuma na mlio na kisu, si ile ya ukuta. Sijajuta. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda mtu ajute. Ningesema "kata" leo, na kesho. Lakini kila mwaka nilikuwa nikidhani simu itaita, na itakuwa sauti ile ya kukwaruza, na itaniambia, haya Sista, yamekwisha.

Jioni, kabla giza halijaingia, Lamaro aliniletea sahani ya malakwang chini ya turubai, akavuta kiti. Amefanya kazi ya saluni Eldoret, Kiswahili chake ni kizuri kuliko kilivyokuwa cha mama yake. Nilidondosha tone kiganjani nikalamba. Chumvi ilikuwa sawa.

"Sista, nikuulize kitu," alisema. "Wewe uliishi naye Juba. Alikuambia habari za shingo yake?"

"Nyinyi aliwaambia nini?"

"Kwamba waasi waliwakuta shambani, yeye na mjomba. Wakamkata mjomba, wakamkata na yeye, wakamwacha wakidhani amekufa. Mashangazi wanasema haiwezekani, mjomba alikufa kabla mama hajaenda Juba, na alipoondoka hapa shingo ilikuwa nzima. Lakini mama alisema aliyaona kwa macho yake, na nani atambishia?" Alitazama kuelekea sebuleni. "Padri ataisema kesho kwenye mahubiri. Sasa nataka kujua kama ni kweli."

Akainamisha kichwa karibu na changu.

"Kuna sehemu aliniambia mimi tu. Alisema kulikuwa na msichana kati yao. Amejifunga kitambaa mdomoni na puani. Huyo ndiye aliyemshika kichwa, kwa mikono miwili, wakati wanakata. Na alikuwa analia, Sista. Machozi yalikuwa yanamdondokea mama hapa." Akagusa paji la uso wake. "Na alikuwa anamwita kwa jina. Hicho ndicho kilichomtesa mama mpaka mwisho. Kila mara aliniuliza, amejuaje jina langu?"

Sahani ilikuwa mapajani mwangu na sikuweza kuiinua wala kuiweka chini.

"Alimsamehe?" nikauliza.

"Wale wengine aliwasamehe. Kanisani, mbele ya watu wote. Huyo msichana hakutaka. Alisema wale wengine hawakumjua, huyo alimjua. Huyo alimwachia Mungu." Akanitazama, na macho yake ni ya mama yake. "Wewe alikuambia nini?"

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo, fupi, lingetoka kwa pumzi moja, na kesho padri angekuwa na mahubiri mengine, na Akello angezikwa akiwa mwanamke aliyeugua jino. Na kaka yake angerudi kulala peke yake kule kwenye mtama.

"Hakuniambia kitu," nikasema. "Kwangu hakusema neno."

Asubuhi tulimzika. Padri aliisimulia, yote isipokuwa ile sehemu aliyoambiwa Lamaro peke yake, na muumini mmoja akanitafsiria sikioni. Padri alipofika kwa wale waliomkata shingo, na jinsi Mungu alivyomrudishia pumzi, watu wote makaburini walitikisa vichwa kwa uchungu wakiwafikiria watu wa namna ile. Nami nikatikisa changu.